Telegram kwa kundi la hesabu: inafaa wapi, inagoma wapi

Mwanafunzi akitupa swali la hesabu kwenye kundi, mara nyingi hurudishiwa picha ya daftari yenye jibu zima, kuanzia mstari wa kwanza hadi ule uliopigiwa mistari miwili chini. Anashukuru, ananakili, na kesho yake swali la aina ileile linamgomea tena. Hapo hajasaidiwa, amedesa tu. Ndiyo maana programu ya kusomea hesabu pamoja tunaipima kwanza kwa kigezo kimoja: je, anayejua anaweza kumwonyesha mwenzake pale alipoteleza, bila kumnyang'anya kazi ya kumalizia mwenyewe? Kwa kigezo hicho Telegram inaiacha WhatsApp mbali, ingawa WhatsApp ndiyo iliyo karibu kwenye kila simu. Kasoro inazo, na mbili kati ya hizo ni nzito.

Kinachoipa ushindi ni kitu kidogo ambacho makundi mengi hayakitumii: uwezo wa kuficha maandishi. Ukiandika mistari miwili ya wima || kabla ya maneno na mingine miwili baada yake, maneno hayo hufunikwa na vidoti mpaka msomaji ayaguse. Kwenye menyu kipengele hiki kinaitwa Spoiler, nacho kipo tangu mwisho wa 2021. Picha nayo inaweza kufunikwa hivyohivyo kabla ya kutumwa.

Chukua 2x² − 5x − 3 = 0. Aliyekwama hahitaji kuambiwa kwamba x ni 3 au −1/2. Mwandikie wazi: "Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −6 na ukizijumlisha unapata −5." Kisha fiche: −6 na 1. Kisha fiche: 2x² − 6x + x − 3 = 0. Mwisho, fiche tena: (2x + 1)(x − 3) = 0. Anafunua hatua moja tu, anajaribu, na akikwama tena ndipo afunue inayofuata. Ila kuna mtego hapa. Ukigusa sehemu moja iliyofichwa, sehemu zote zilizofichwa ndani ya ujumbe huohuo hufunuka kwa pamoja. Kwa hiyo kila hatua itume kama ujumbe wake wa peke yake. Ukizirundika nne kwenye ujumbe mmoja, umempa jibu zima kwa mguso mmoja.

Kitu cha pili ni kunukuu sehemu ya ujumbe. Ukimjibu mtu, unaweza kuchagua mstari mmoja tu kati ya mistari yake saba, na jibu lako likakaa chini ya mstari huo. Wengi hawakosei swali zima. Wanakosea mahali pamoja, aghalabu pale mabano yanapofunguliwa na alama ya kutoa mbele, halafu yote yanayofuata yanaharibika. Mtu aliyeandika 5 − 2(x − 3) = 5 − 2x − 6 nukuu mstari huo tu na umuulize: "−2 mara −3 inatoa ngapi?" Inatosha. Hayo mengine atayarekebisha mwenyewe, maana hatua zake za chini zilikuwa sahihi.

Kwa picha, kunukuu mstari hakuwezekani, na hapa panahitaji nidhamu ya kundi zima. Weka swali moja kwa picha moja. Tumia kalamu, si penseli. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande usio na mkono wa kuandikia ili kivuli kisianguke kwenye karatasi. Muhimu kuliko yote, pembeni kushoto kila mstari uwe na namba: 1, 2, 3, na kuendelea. Baada ya hapo ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha: "Mstari wa nne, umejumlisha asili kwa asili. Tafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, kwanza." Bila namba hizo maelezo hugeuka kuwa "pale juu kidogo, chini ya ile nyingine", na watu watatu wanaangalia sehemu tatu tofauti. Telegram hubana picha inapozituma, hivyo ukurasa mzima wa mwandiko mdogo utume kama faili. Vinginevyo 5 na 6 hufanana, na kipeo kinapotea kabisa.

Sasa kasoro nzito ya kwanza. Telegram haina sehemu ya kuandikia kanuni za hisabati. Sehemu yenye kiasi juu na asili chini, kipeuo chenye paa refu, matriki: vyote hivyo huwezi kuviandika vikakaa sawa. Inasikitisha hasa kwa sababu Nikolai Durov, aliyeianzisha programu hii pamoja na ndugu yake Pavel mwaka 2013, alitwaa medali ya dhahabu kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati miaka mitatu mfululizo, 1996 hadi 1998. Mtu wa namna hiyo anajua hesabu inavyoandikwa.

Mpaka litakapobadilika, kundi lazima likubaliane mabano. Mtu akiandika 1/2x, mmoja anasoma nusu ya x, mwingine anasoma 1 chini ya 2x. Kwa x = 4, wa kwanza anapata 2 na wa pili anapata 1/8, na ubishi wa dakika ishirini unaanza, wakati wote wawili wamekokotoa sawasawa. Andika (1/2)x au 1/(2x). Hali kadhalika √x+9: kwa x = 16 inaweza kuwa 13 au 5. Andika √(x+9) kama paa linafunika vyote. Andika (−3)² kama hasi imo ndani ya kipeo, kwa sababu −3² ni −9. Kwa logarithimu usiandike log2 8. Andika "log ya 8, kizio 2". Kwenye kibodi ya Gboard, bonyeza na ushikilie 2 kwenye ukurasa wa namba upate ². Alama za √ na π zipo ukurasa wa pili wa alama.

Ile mistari miwili ya wima inayoficha maneno nayo ina madhara kwenye mada ya vekta. Ukiandika ||a| − |b||, Telegram inadhani umeomba kuficha, na ujumbe unafika ukiwa vidoti vitupu. Weka nafasi kati ya mstari wa kwanza na wa pili, na vivyo hivyo mwishoni, au zungushia maneno yote alama ya ` ili yaachwe yalivyo.

Hata hivyo WhatsApp kwa hili ni mbaya zaidi, na wengi hawajui kwa nini alama zao zinabadilika. Tangu mwanzoni mwa 2024, mstari unaoanza kwa kistari na nafasi hugeuzwa kuwa orodha ya vidoti. Andika "- 3x + 6 = 0" na mwenzako ataona kidoti, kisha 3x + 6 = 0. Alama ya hasi imeliwa, na jibu lake litakuwa −2 badala ya 2. Mstari unaoanza kwa > na nafasi hugeuka nukuu, basi sentensi yako ya kutolingana imepoteza alama yake. Nyota moja upande huu na nyingine upande ule hukoza maneno yaliyo katikati na zenyewe kutoweka, kwa hiyo anayetumia * kama alama ya kuzidisha anaweza kupoteza kuzidisha kwenyewe. Kwenye Telegram kukoza kunahitaji nyota mbili kila upande, hivyo nyota moja iko salama. Kama mnabaki WhatsApp, msianze mstari kwa alama ya kutoa yenye nafasi mbele yake. Andikeni −3x ikiwa imeshikana.

Kipengele cha maswali ya kuchagua, kinachoitwa Quiz ndani ya sehemu ya kura, ni kizuri kuliko kinavyoonekana. Anayetunga anaweka jibu sahihi na maelezo mafupi yanayotokea mtu akishajibu. Jibu halibadilishwi. Ubora wake wote unategemea majibu ya uongo. Mfano: rahisisha √50 − √18. Jibu ni 2√2, maana 5√2 − 3√2. Usiweke majibu ya kubahatisha. Weka √32 kwa ajili ya anayetoa namba ndani ya kipeuo, 8√2 kwa anayejumlisha badala ya kutoa, na 2 kwa anayefuta √2 kana kwamba inakatana. Kura zikiingia, kila asilimia inakueleza kosa lipi limeenea kwenye kundi, na hilo ndilo la kufundishana jioni hiyo. Nafasi ya maelezo ni herufi 200 tu, kwa hiyo andika sababu, usiandike hatua. Washa upigaji kura wa siri. Majina yakionekana, wasio na uhakika hukaa kimya, nao ndio mnaowatafuta.

Kumbukumbu ni eneo jingine ambalo Telegram inafaa kwa mitihani. Ujumbe hukaa kwenye seva, si kwenye simu. Mtu mwenye simu ya kumbukumbu ndogo anaweza kufuta faili zote zilizohifadhiwa na programu na bado akazipakua tena mwezi ujao. Anayejiunga muhula wa pili anaweza kusoma ya muhula wa kwanza, ila kiongozi wa kundi lazima aruhusu historia ionekane kwa wapya. Kwenye makundi binafsi hufungwa mpaka ufungue. Tumieni alama ya reli kwa mada: #matriki, #vekta, #uwezekano, #logarithimu. Ongeza #limekwama kwa swali lisilo na jibu, na mwenye swali mwenyewe abadilishe kuwa #limetatuliwa, kwa kuwa ujumbe huharirika hadi saa 48. Kundi likigawanywa kwa vyumba vya mada, vyumba sita au saba vinatosha. Chini ya watu ishirini vyumba havina kazi. Maswali hutawanyika na hakuna anayeyaona.

Kwa idadi, Telegram inaruhusu hadi watu 200,000 na WhatsApp 1,024. Zote mbili ni namba zisizohusiana na hesabu. Watu 8 hadi 30 ndio kundi linalofanya kazi. Likizidi hapo, washa Slow Mode kwa sekunde 30 au dakika moja, na uzuie stika. Mtu akijua kwamba ujumbe wake unaofuata uko dakika moja mbele, huandika swali lote mara moja: namba yake, alichojaribu, mstari alipokwama.

Kwa wasichana hasa, faragha ni sababu tosha ya kuhama. Kundi la WhatsApp huonyesha namba ya simu kwa wenzako wote. Kwenye Telegram ingia mipangilio, faragha, namba ya simu, chagua asiione mtu yeyote, kisha zuia pia wasiokujua kukuingiza kwenye makundi. Fanya hayo kabla ya kujiunga, si baada ya ujumbe wa kwanza wa mtu usiyemjua.

Wengi Tanzania husoma hivi kwa simu ya mzazi, jioni au wakati wa likizo, kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni. Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha pindi unapotumia bando. Kundi lenye shughuli nyingi litamaliza bando la mama kabla hujafungua swali la kwanza. Sauti ya dakika moja haifiki megabaiti moja, video ya dakika hiyohiyo hula mara nyingi zaidi. Angalia pia kifurushi: vingine vya mitandao ya kijamii vinaihusisha WhatsApp na kuiacha Telegram nje. Ukiingia kwenye kompyuta ya maktaba, ukimaliza fungua orodha ya vifaa kwenye mipangilio ya simu na uifunge hiyo kompyuta.

Kasoro nzito ya pili haitokani na hesabu. Telegram imejaa chaneli zinazouza "pepa" zinazodaiwa kuvuja. Msimu wa mitihani ukikaribia, viungo vyake huingizwa kwenye makundi ya wanafunzi wakati wa usiku. Nyingi ni mitihani ya miaka ya nyuma iliyobadilishwa tarehe, na mnunuzi akishalipa hufungiwa. Hata ingekuwa ya kweli, kukutwa nayo kunaweza kufuta matokeo yote. Kuanzia mwezi mzima kabla, kiongozi afute kila kiungo cha namna hiyo pindi kinapoingizwa. Nchini Kenya chaneli hizo ndizo zilizofanya huduma yenyewe izuiwe wakati wa mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, Novemba 2023, na tena Novemba 2024, pamoja na wale waliokuwa wakiulizana vekta kwa nia njema. Kwa hiyo ifikapo Oktoba pakueni faili mnazozihitaji, na muwe na kundi la akiba WhatsApp lenye watu walewale, mkikumbuka kushikanisha ile alama ya kutoa.