Kamongo wangu ameitwa mkunga, na bado nailipia

Acha nitoe hasira kwanza. Kuna programu ya simu ya kutambua samaki, jina nalihifadhi maana sitaki kuipigia debe wala kuitwa mahakamani. Unampiga picha samaki uliyemvua, inakwambia ni nani, halafu inamweka pale wavuvi wenzako wamwone na kutia neno. Nailipia kila mwezi. Juzi juzi hapa Dunga, ufuko wa ziwa huku Kisumu, imenivunjia heshima.

Nilikuwa natafuta mumi. Chambo mnyoo, jua linazama, mshipi ukavutwa polepole kama mtu anayeburuta gunia. Nikamtoa kamongo. Mrefu kama mkono wangu kuanzia begani, mtelezi, rangi ya tope lenye madoa. Nikamlaza kwenye gunia, na kila baada ya muda alikuwa anapanua mdomo kuvuta hewa kwa sauti ya mtu anayemaliza soda kwa mrija. Kamongo ana mapafu, ukimzuia chini ya maji muda mrefu anakufa. Mapezi yake manne ni kama tambi: mawili nyuma ya kichwa, mawili karibu na mkia. Nikayanyoosha moja moja kwa kijiti, kidole sikutia, maana huyu hung'ata. Picha ikatoka safi.

Programu ikasema: mkunga.

Mkunga! Yule wa kwenye mapango ya matumbawe! Sawa, mashine ni mashine. Nikabonyeza pale pa kupinga, kwa sababu wanajisifu kwamba kuna mtaalamu, binadamu mwenye damu, na ndiye hasa tunayemlipia. Jibu likaja usiku. Mkunga, akasema, ni samaki wa baharini, kwa hiyo mahali nilipoandika si sahihi, tafadhali nirekebishe. Yaani samaki hajakosewa, ila mimi sijui niko wapi. Nimezaliwa Kisumu, nimesoma Kisumu, nadaiwa kodi ya nyumba Kisumu.

Nikaandika tena, kwa adabu, Mungu ni shahidi. Nikamweleza kwamba mkunga hana mapezi ya kifuani wala ya tumboni, na huyu anayo yote manne, hebu tazama picha. Akanijibu kwamba wavuvi wa kujifurahisha mara nyingi hudhani vimelea ni mapezi.

Vimelea. Minyoo, kwa lugha ya nyumbani.

Asubuhi nikampelekea simu mama mmoja anayekaanga samaki pale ufukoni, nikamtafsiria. Alicheka hadi akaweka kijiko chini. "Baba, mwambie aje. Huyo mkunga wake nitamuuzia kwa bei nzuri."

Na kinachoniwasha zaidi ni hiki. Humo humo ndani wana ukurasa mzima wa silakanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu baharini, wenye michoro na kila kitu. Silakanti mmoja alinaswa na meli ya kukokota nyavu karibu na Malindi mwaka 2001, na wewe na mimi hatutamtoa kwa ndoana hata tukivua mpaka mvi. Huyo wanamjua. Kamongo, ambaye ni wa ukoo wake wa mbali na anauzwa vipande vipande kila siku kando ya ziwa, eti minyoo. Wangesema wazi tangu mwanzo kwamba yao ni bahari tu, ningewaelewa. Lakini waliandika "bahari na maji baridi", na kwa maji baridi ndipo nikatoa pesa.

Lakini nisiseme uongo. Baharini inajua kazi. Ugonjwa huu wa mshipi niliupatia Kilifi, likizo ya mwaka juzi au ule wa kabla yake, na kule ilinifundisha kutenganisha kolekole wa aina tatu ambao mimi niliwaona ndugu wa tumbo moja. Kuna siku nilitoa kisamaki kinene kikajivimbisha mkononi kama mpira. Ikawaka nyekundu: bunju, ana sumu, usile. Sumu yenyewe haiondoki kwa kupikwa, na dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Nikasema hii programu imeniokoa, nikaipa nyota tano palepale. Ingawa, nikikumbuka vizuri, kulikuwa na kijana wa pale aliyekuwa ameshaniambia kabla simu haijafunguka, "Mjomba, tupa huyo, bunju," na hakunidai hata shilingi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilisema moja. Kisha nikakumbuka wale kolekole, nikasema tatu. Sasa hivi, nikiwa bado naandika, ujumbe umeingia. Mtaalamu amepitia upya malalamiko yangu, ananishukuru kwa uvumilivu, na amerekebisha rekodi. Nimefungua kwa moyo mweupe kabisa.

Ameandika kambare. Kambare ndiye mumi wetu, mwenye masharubu mdomoni! Masharubu yako wapi kwenye picha ile?

Moja. Na ningeifuta leo hii, ila Desemba nashuka tena Kilifi.