Kifungua Kinywa cha Vegani Kuletewa Chumbani: Uzoefu Wangu katika Hoteli ya Kiwengwa

Likizo ya skuli ya Disemba familia yetu ilikaa katika hoteli moja kubwa ya ufukwe wa Kiwengwa, kaskazini mashariki ya Unguja, iliyojengwa kwa kuwalenga wageni wenye watoto: mabwawa yana mabomba ya kutelezea, uwanja wa michezo uko jirani na vyumba, na vishindo vya furaha huanza mapema kabla ukumbi wa kulia haujajaa. Mimi ni vegani, yaani situmii chakula chochote kinachotokana na mnyama. Kwa kuwa watoto wangu huamka na jua na hawana subira ya kupanga foleni nyuma ya watu wanaosubiri mayai ya kukaanga, nilipendelea kuagiza kifungua kinywa kiletwe chumbani. Jina la hoteli ninalihifadhi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kuwapamba wenyewe, ingawa kwa jumla walinitendea wema.

Utaratibu wao ni mwepesi. Kwenye kitasa cha mlango hutundikwa karatasi nene yenye orodha ya vyakula. Mgeni huweka alama, huandika saa anayotaka kuhudumiwa, kisha huitundika upande wa nje kabla ya saa nne za usiku. Kifungua kinywa chenyewe kimo ndani ya bei ya chumba, lakini kila sinia linaloletwa hutozwa ada ya shilingi 15,000. Chini kabisa ya karatasi kuna kisanduku cha vegani, na anayekitia alama hana haja ya kuchagua kitu kingine, kwa kuwa huletewa sinia lililokwisha kupangwa.

Sinia hilo ndilo lililonisikitisha. Lilikuwa na vipande vya boflo vilivyochomwa, kikopo cha jamu, bakuli la nafaka kavu, sahani ya matunda, na paketi ya maziwa ya lozi iliyotoka nje ya nchi. Matunda sina la kuyatoa kasoro: nanasi lilikuwa limeiva barabara, papai liliwekewa kipande cha ndimu pembeni, na embe boribo lilikatwa na mtu anayejua namna ya kulikata embe. Mkate, hata hivyo, si chakula cha kusafirishwa. Jiko liko mbali na vyumba vya upande wa bahari, sinia hupakiwa kwenye kigari cha umeme chini ya mfuniko wa chuma, na kwa muda huo mvuke wa mkate wenyewe huurudia na kuulainisha, hata ukifika mlangoni huvutika badala ya kuvunjika. Maziwa ya lozi nayo, nilipoyatia katika chai iliyokuwa bado ya moto sana, yalijitenga vipande vipande juu ya kikombe. Jambo hilo hutokea mara nyingi kwa maziwa ya aina hiyo, na si kosa la mpishi. Ila ni vigumu kuelewa kwa nini hoteli iliyozungukwa na minazi inunue paketi kutoka ng'ambo ili impe mgeni kitu cheupe cha kutia katika chai.

Niliisoma tena ile karatasi, safari hii upande wa vyakula vya Kizanzibari, kisha nikapiga simu jikoni. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye adabu nyingi.

"Mwanangu, mahamri yenu yanakandwa kwa nini?"

"Kwa tui, bibie, na hiliki. Yai hatutii."

"Na chapati?"

"Chapati ni samli. Lakini ukitaka, mpishi atakukandia kwa mafuta, umwambie tangu usiku."

Tukaendelea hivyo chakula baada ya chakula, naye kila alipokuwa hana hakika aliweka simu chini akaenda kuuliza, jambo ambalo ninalihesabu kuwa sifa kubwa kuliko kujibu kwa kukisia. Vitumbua vilikuwa vya mchele, tui, sukari na hamira, basi. Mkate wa kumimina ulikuwa na mayai, kama unavyopikwa katika nyumba nyingi, na mkate wa ufuta wa hapo ulipakwa samli ulipotoka motoni. Mbaazi zilikuwa za nazi tupu; muhogo wa nazi vilevile. Uji wa ulezi ungeweza kupikwa kwa maji na tui badala ya maziwa. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya orodha ile ilikuwa halali kwa mlo wangu tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kufikiri kuihamishia katika kisanduku cha vegani, ambacho yaonekana kilipangwa na mtu aliyekuwa akimfikiria mgeni wa Ulaya peke yake.

Sikuona ugumu wowote kwa wapishi kulielewa ombi langu, na nadhani sababu yake iko wazi. Jiko la Zanzibar limezoea kuulizwa chakula kimetoka wapi na kimetiwa nini. Anayejua kumhakikishia mgeni kwamba nyama imechinjwa kisheria na kwamba jelatini ya kitindamlo si ya nguruwe, hashindwi kueleza kama unga umekandwa kwa samli. Kinachokosekana ni maandishi. Katika hoteli na migahawa ya Walt Disney World, eneo la burudani kule Florida, Marekani, tangu mwaka 2019 vyakula visivyo na nyama, maziwa, mayai wala asali huwekewa alama ya jani la kijani kwenye orodha, na mgeni hujichagulia mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Alama kama hiyo mbele ya mahamri, mbaazi, vitumbua na muhogo isingeigharimu hoteli hii ila wino.

Asubuhi iliyofuata niliandika maombi yangu kwa mkono pembezoni mwa karatasi, na sinia lililokuja lilikuwa chakula kingine kabisa. Mbaazi zililetwa katika bakuli la udongo lenye kifuniko, nzito, zimepikwa mpaka baadhi ya punje zimevunjika na kulishika tui, na tui lenyewe halikukatika, ishara kwamba liliongezwa mwishoni na kukorogwa bila kuachwa lichemke ovyo. Juu yake kilielea kitunguu na kipande cha pilipili mbichi kisichochanwa, kilichotoa harufu bila kuwasha. Mbaazi ni chakula kinachostahimili safari: hukaa na moto wake, na dakika kumi za kigari huzidi kuzikoleza. Tena zinashibisha kweli, kwani punje kavu za mbaazi zina protini kiasi cha asilimia 20, wakati tui peke yake, ukiacha maji, ni mafuta zaidi kuliko kitu kingine. (Anayekula kama mimi asisahau vitamini B12, ambayo mimea haimpatii ya kutosha, ingawa hiyo si kazi ya hoteli.)

Mahamri, kwa upande wao, yalifunikwa kwa kawa la ukili. Sikujua kama hoteli ina makawa jikoni au mhudumu aliazima mahali, lakini tofauti na mfuniko wa chuma ilionekana papo hapo, maana ukili hupitisha mvuke. Hamri lilikuwa limevimba, kavu juu, na nilipolipasua likatoa hewa ya moto yenye hiliki. Mume wangu, ambaye hana habari na mambo ya vegani na alikuwa amejiagizia mayai yake, aliyaacha mayai akahamia kwangu. Vitumbua havikubahatika namna hiyo: vilivishwa nailoni, vikatoa jasho, vikashikana, na ladha yake nzuri ikapotea katika unyevu. Chai ya rangi ilikuja katika chupa, yenye mchaichai na tangawizi na mdalasini wa kutosha, wala haikuhitaji maziwa ya aina yoyote.

Lipo lililoniudhi. Asubuhi moja uji wa ulezi ulipikwa kwa maziwa ya ng'ombe, ingawa karatasi ilisema wazi kwamba yasitiwe. Niliyatambua kwa utando uliokuwa umeganda juu. Kubadilishiwa kulichukua muda mrefu kiasi kwamba watoto walikuwa wamekwisha kwenda bwawani na kurudi na njaa mpya. Msimamizi wa zamu alikuja mwenyewe kuomba radhi na ada ya sinia haikutozwa siku hiyo. Nilikubali radhi yake, lakini mtu mwenye mzio wa maziwa asingeweza kulichukulia jambo hilo kwa wepesi niliouchukulia mimi, na ningemshauri azungumze na mpishi mkuu ana kwa ana siku ya kufika.

Kuhusu bei, ada ya 15,000 ni kubwa ukikumbuka kwamba mbaazi na mahamri kwenye mgahawa wa Mjini huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kwa sinia la boflo na maziwa ya lozi nisingeilipa tena. Kwa sinia la mbaazi niliilipa bila kunung'unika, kwani kwa familia yenye watoto wadogo asubuhi ya utulivu barazani ina thamani yake. Atakayekwenda aache kisanduku cha vegani bila alama, aandike vyakula kwa majina yake, aombe mahamri yasifunikwe kwa chuma, na akitaka chapati ya mafuta aseme tangu magharibi, kwa kuwa unga hukandwa usiku na baada ya saa nne hakuna kinachobadilishwa.