Coudoulet de Beaucastel: mvinyo wa ng'ambo ya barabara

Wengi wakisikia jina Beaucastel, shamba la mizabibu la kusini mwa Ufaransa, akili inakimbilia mvinyo wake wa Châteauneuf-du-Pape, eneo mashuhuri la kule, ile chupa ya kununuliwa mtu akiolewa au akistaafu. Mimi nataka kumsifu mdogo wake, Coudoulet de Beaucastel nyekundu, ambayo nimekuwa nikiinywa tangu nihamie Lyon. Ni Côtes du Rhône kwa daraja, yaani daraja la kawaida la mvinyo wa bonde la mto Rhône, chini ya Châteauneuf, lakini ukiionja utajiuliza aliyepanga hayo madaraja alitumia ulimi au ramani.

Alitumia ramani. Shamba la Beaucastel liko Courthézon, kusini mwa mji wa Orange, na limekuwa mikononi mwa ukoo wa Perrin tangu 1909. Mizabibu ya Coudoulet, hekta kama 30 hivi, iko upande wa mashariki, na kinachoitenga na ile ya Châteauneuf ni barabara kuu ya A7, ambayo Wafaransa huijaza kila Agosti wakienda baharini. Nimepita pale kutazama kwa macho yangu. Huku na huku ni mawe yale yale ya mviringo, mengine makubwa kama mafenesi machanga, hata unashangaa mzabibu ulipenya wapi. Mchana yanakunywa jua, usiku yanarudisha joto kwa zabibu. Halafu kuna mistral, upepo wa kaskazini usio na adabu, unaokausha majani na kuunyima ukungu wa kuozesha zabibu nafasi. Nadhani bila upepo huo Jacques Perrin, wa ukoo huo, angepata tabu kuacha kemikali za viwandani mapema vile, mwaka 1950, wakati wenzake wengi ndio kwanza walikuwa wanazikaribisha.

Sasa kilichomo ndani. Côtes du Rhône nyingi huegemea Grenache, zabibu ya utamu na joto. Hapa Grenache inagawana kiti na zabibu nyingine, Mourvèdre, karibu sawa kwa sawa, kisha aina za Syrah na Cinsault zinajazia. Hiyo Mourvèdre ndiyo siri. Inachelewa kuiva, inadai jua, na inaleta ukavu wa kushika ufizi pamoja na harufu ya ngozi na nyama iliyokaushwa. Tena hapo shambani wana mtindo wao: zabibu zikishatolewa vikonyo, maganda hupashwa joto la ghafla hadi nyuzi 80 hivi, kisha hupozwa haraka kabla ya kuchachuka. Rangi na harufu hutoka vizuri, na vimeng'enya vinavyouharakisha mvinyo kuchakaa hufa. Baadaye unatulizwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni, kwa hiyo usitegemee ile ladha ya vanila ya mapipa mapya. Mimi hiyo siikosi hata kidogo.

Ukifungua na kumimina papo hapo utailaumu bure, maana chupa changa huwa imenuna. Imwage kwenye jagi, iache saa nzima, ndipo zinakuja zambarau zilizoiva, pilipili manga, majani makavu ya kule milimani, na mwisho udongo baada ya mvua. Na jamani, yale maneno ya "mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba" hayakuandikwa kwa chumba cha Dar es Salaam wala Mombasa. Weka kwenye friji nusu saa kwanza. Kilevi chake ni asilimia 14 na kitu, na ikiwa na joto utaonja spiriti tu.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma ndiye mwenzake halali. Pilau ya nyama pia imenishangaza, kwani karafuu na mdalasini vinaichangamsha ile Syrah. Samaki wa kupaka usijaribu, tui na ule ukavu havielewani.

Kaka mtu nimemwonja kwa rafiki, Châteauneuf ya mavuno ya 2001, yenye aina zote 13 za zabibu za jadi ya kule. Ilikuwa na kina ambacho Coudoulet haifiki, pia harufu ya zizi kwa mbali, ambayo wengine huiabudu na wengine huikimbia. Mimi ni wa kundi la kwanza, lakini bei yake ni zaidi ya mara tatu, na inataka miaka kumi ya kusubiri ambayo friji yangu haina subira nayo.

Tahadhari mbili. La Vieille Ferme, ile yenye kuku kwenye lebo, ni ya ukoo huo huo lakini ni kitu kingine kabisa, cha bei ya chini na cha kunywa bila kufikiri. Na kama umezoea mvinyo mtamu, hii haina sukari ya kukubembeleza, utaiona chungu.

Mimi huipata kwa takriban euro 25. Ukiikuta chini ya 30 chukua mbili, moja ya Jumamosi hii, nyingine uilaze mahali pa baridi na giza miaka mitano. Ikivuka 40, mwachie muuzaji.