GParted Live: kupunguza ni dakika, kusogeza ni saa

Programu za kugawa diski ni nyingi, na nyingi kati yake hujinadi kwa wingi wa vitufe. GParted haina makeke hayo. Ni ya bure, iko chini ya leseni ya GNU GPL, ipo tangu 2004, na toleo lake la Live huwaka lenyewe kutoka kwenye flashi bila kuhitaji mfumo uliomo ndani ya kompyuta. Flashi ya GB 2 inatosha. Huko kuwaka nje ya mfumo ndiko kunakoipa thamani, maana partisheni (kipande cha diski kinachojitegemea) inayotumika haisogezeki. Mkeka uliokalia huwezi kuukunja.

Kuiwasha hakuna mengi. Menyu ya kuwashia ina chaguo la kupakia kila kitu kwenye RAM. Lichague, kwa sababu ukishaingia unaweza kuchomoa flashi. Yanafuata maswali matatu, ya kibodi, lugha na namna ya kufungua skrini, na kwa watu wengi Enter tatu zinamaliza kazi. Kuchomoa flashi kuna faida yake. Kwenye laptopu yenye SSD ya NVMe (diski ya kisasa isiyozunguka), diski ya ndani huitwa /dev/nvme0n1, na flashi ndiyo inayobeba jina la /dev/sda, ambalo aliyezoea kompyuta za zamani anaamini ni la diski kuu. GParted huonyesha diski moja kwa wakati. Nyingine ziko kwenye kisanduku cha juu kulia. Tazama ukubwa kabla ya jina. Diski iliyouzwa kama ya GB 500 itasomeka takribani GiB 465, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na GParted kwa 1,024.

Katikati kuna mchoro wa diski nzima. Manjano hafifu ndani ya kila partisheni ni nafasi iliyotumika, nyeupe ni nafasi tupu, na kijivu ni eneo ambalo halijagawiwa. Ukitaka kubadilisha ukubwa linafunguka dirisha lenye visanduku vitatu vya namba: nafasi tupu inayotangulia, ukubwa mpya, na nafasi tupu inayofuata. Vyote ni vya MiB, na GiB 1 ni MiB 1,024. Anayetaka GiB 100 aandike 102400. Akiandika 100000 ataambulia GiB 97.66. Cha kukazia macho ni kile cha kwanza. Namba yake isipobadilika, unakata mkia tu. Ikibadilika hata kwa 1, mwanzo wa partisheni umehama, na kila kilichomo lazima kibebwe kwenda mahali papya.

Gharama ya kubeba huko si ndogo. Kupunguza NTFS (mfumo wa faili wa Windows) kutoka mwishoni kunahamisha tu data iliyokaa kwenye eneo linalokatwa. Kusogeza mwanzo kunanakili partisheni yote, pamoja na sehemu zisizo na kitu. Diski ya kuzunguka inayonakili kwa wastani wa MB 50 kwa sekunde itamaliza GB 200 kwa sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja, na umeme ukikatika katikati hakuna kuendelea pale kazi ilipoishia. Ukilazimika kusogeza, basi punguza kwanza ndipo usogeze kilichobaki, chaja ikiwa kwenye umeme na nakala ya data ikiwa kwenye diski nyingine kabisa. Programu yenyewe hukuonya kwamba mfumo unaweza kukataa kuwaka baada ya partisheni kuhamishwa. Onyo hilo si pambo.

Kinachoifanya iaminike ni kwamba haina haraka. Kila unachoagiza hupangwa foleni chini ya dirisha, na diski haiguswi hadi ubonyeze alama ya tiki. Kabla ya hapo unaweza kufuta agizo la mwisho, kisha lililotangulia, hadi foleni iwe tupu. Baada ya tiki hakuna kitufe cha kurudisha. Kazi ikiisha, hifadhi ripoti: ni faili la HTML lenye kila hatua iliyofanyika, na ndilo litakalokuonyesha kosa lilianzia wapi. Linakaa kwenye RAM, kwa hiyo linakili kwingine kabla ya kuzima.

Ikigoma, mara nyingi chanzo kiko upande wa Windows. Uwashaji wa haraka (Fast Startup) huiacha NTFS nusu wazi nusu imefungwa, na GParted huiwekea partisheni hiyo alama ya tahadhari na kukataa kuipunguza. Inafanya vyema kukataa. Rudi Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off inayozima uwashaji huo, kisha chkdsk C: /f inayokagua diski, washa upya ili ukaguzi ufanyike, halafu zima kabisa. BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, ni ukuta mwingine: GParted inaitambua lakini haiwezi kubadilisha ukubwa wake, hivyo ama uondoe usimbaji wote kwanza, ama upunguze kwa zana ya Windows yenyewe. Na kama diski ya ndani haionekani kabisa, angalia BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka. Huenda kidhibiti cha diski kimewekwa kwenye hali ya RAID ya Intel. Usikimbilie kukigeuza kuwa AHCI (hali ya kawaida) bila kuiandaa Windows, la sivyo itakataa kuwaka. Upande wa Linux, kumbuka kwamba XFS, mmoja wa mifumo ya faili, hukua tu. Anayeitumia asitarajie kuipunguza.

Kasoro kubwa kwa mgeni ni kwamba GParted haishauri lolote kuhusu ukubwa wala mpangilio. Inakuachia diski na kisu. Uamuzi wa kwanza ni jedwali la partisheni, yaani orodha ya partisheni zilizomo kwenye diski: ama MBR ya zamani, ama GPT ya kisasa. MBR inabeba partisheni kuu 4, na kwa sekta za baiti 512 inaishia TiB 2. GPT kwa kawaida inabeba 128, na Windows 11 inaitaka kwa sababu inahitaji UEFI (mrithi wa BIOS). Kwa kompyuta ya leo chagua GPT, ila usiunde jedwali jipya kwenye diski yenye data, maana kufanya hivyo kunafuta partisheni zote zilizomo.

Uamuzi wa pili ni mpangilio, na hapa kanuni ni moja: panga ili kesho usihitaji kusogeza mwanzo wa kitu kikubwa. Chukua diski hiyo ya GiB 465 inayotakiwa kubeba Windows na Linux. Mwanzoni weka partisheni ya EFI, inayobeba faili za kuwashia mifumo, ya GiB 1 kwa FAT32; MB 100 ambazo Windows hujiwekea hubana mifumo ikiwa miwili. Ifuatwe na ile ndogo ya MB 16 ambayo Windows huihifadhi kwa matumizi yake, kisha C ya GiB 150. Baada ya C acha GiB 30 bila kuzigawa. Zinaonekana kama upotevu, lakini Windows hurefusha partisheni kuelekea kulia tu, na ikikuta eneo tupu mara moja baada ya C, kazi ni ya sekunde chache. Linux ipewe GiB 50 za ext4 (mfumo wa faili wa Linux), na faili la swap, linaloisaidia RAM, liwe humo humo. Anayetaka kulaza kompyuta kwa kuhifadhi RAM yote kwenye diski aongeze ukubwa unaolingana na RAM yake. Data ipate takribani GiB 233 kwa NTFS, ambayo mifumo yote miwili inaisoma. FAT32 haifai hapo, kwa kuwa haipokei faili linalofika GiB 4. Mwishoni kabisa, GiB 1 ya kurejesha mfumo.

Kutenga data kunasaidia siku ya kufuta Windows na kuiweka upya. Hakuhesabiki kama nakala ya akiba. Diski ikifa, partisheni zote zinazikwa siku moja.

Hiyo partisheni ya kurejesha mfumo inastahili neno zaidi. Windows hupenda kuiweka mara baada ya C, na hapo ndipo kitufe cha kurefusha C hufifia hata kama kuna nafasi tupu mbele yake. Januari 2024, sasisho la KB5034441 la Windows 10 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643 kwa sababu partisheni hiyo ilikuwa ndogo mno, na Microsoft ikatoa maelekezo ya kuiongezea MB 250. GParted inaimudu kazi hii vizuri. Andika reagentc /disable ndani ya Windows ili kuzima kwa muda zana za kurejesha mfumo, washa Live, sogeza partisheni hiyo hadi mwisho wa diski na uikuze, kisha rudi Windows uandike reagentc /enable. Kwa kuwa ni ndogo, kuisogeza hakuchukui muda.

Anayetaka tu kupunguza C hana haja ya flashi. Zana ya Windows, diskmgmt.msc, inafanya hivyo mfumo ukiwa unatumika. Udhaifu wake ni kwamba husimama inapokutana na faili ambalo haiwezi kulihamisha, kama la kurasa (linaloisaidia RAM) au la kulaza kompyuta, hata kama mbele yake kuna GiB 100 tupu. Pia haiwezi kusogeza partisheni hata kidogo. Kwa kazi hizo mbili GParted inaizidi kwa mbali.

Baada ya kupunguza NTFS, Windows itakapowaka kwa mara ya kwanza inaweza kukagua diski yenyewe. Iache imalize, hata asilimia zikikaa kimya mahali pamoja. Ikishafunguka, thibitisha ukubwa mpya wa C na usome data chache kutoka kila partisheni kabla ya kugusa ile nakala ya akiba.