Mixxx: programu ya bure ya kuanzia udijei nyumbani, mazuri yake na pale inapokwama

Nisiwazungushe wakuu. Kama una laptopu na hamu ya udijei ila hela ya mashine huna, shusha Mixxx uanze leo. Naitumia nyumbani muda mrefu sasa, nimewawekea na madogo kadhaa wa mtaani kwenye laptopu zao za mtumba, na kwa mtu anayeanza sijaona programu nyingine inayompa vitu vingi hivi bila kumdai hata shilingi.

Ni ya bure kabisa, sio ile bure ya wiki mbili afu dirisha la kulipia linaanza kukurukia usoni. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna matangazo, hakuna kitufe kilichofungwa mpaka ulipie. Ilianza 2001 na mpaka leo inatengenezwa na watu wanaojitolea, inakubali Windows, Mac na Linux. Toleo la 2.5 lilitoka Desemba 2024 na linataka Windows 10 kwenda juu, kwa hiyo kama laptopu yako bado iko kwenye Windows 7 tafuta la 2.3, bado linapiga kazi vizuri tu. Jina lina x tatu, mixxx.org, na ushushie hapo hapo kwao usichukue kwa mtu kwenye flashi. Nasisitiza hili mana vijana wengi huku kwetu wanaanza udijei na programu za kulipia zilizokrakiwa, wanaletewa na mshkaji, antivirusi inabidi izimwe ndo ikubali kuingia, wiki mbili baadaye faili zote kwenye flashi zimekuwa shotikati. Kwa nini upite huko wakati halali ipo na haina gharama?

Ukiifungua mara ya kwanza usiogope, kuna vitu vingi kwenye skrini lakini vya kuanzia ni vichache. Deki mbili (kila moja inapiga wimbo wake), kushoto na kulia, katikati miksa, chini maktaba ya nyimbo zako. Unaionyesha folda ulikoweka muziki inasoma yenyewe, inapima BPM ya kila wimbo (biti ngapi kwa dakika, yaani tempo) na ki yake (sauti ya msingi ya wimbo). Na huhitaji mashine yoyote kuanza, kibodi inatosha: D inapiga deki ya kushoto, L ya kulia, G na H zinasogeza krosifeda huku na huku, kile kitelezi kinachohamisha sauti kutoka deki moja kwenda nyingine. Zikikataa, angalia menyu ya Options kama shotikati za kibodi umeziwasha. Mtu akikwambia huwezi kujifunza bila kontrola (mashine ya vitufe ya kuchomeka kwenye laptopu) anakukatisha tamaa bure, kuhesabu biti, kujua wimbo unaingia wapi na unatokea wapi, kubadilishana besi, vyote hivi unajifunzia kwenye kibodi na mausi.

Sasa tuje kwenye kitu kinachowakwamisha karibu wote, hedifoni. Dijei anasikiliza nyimbo mbili kwa pamoja, mmoja unasikika kwa watu na mwingine anausikia yeye tu sikioni anauandaa. Laptopu ina tundu moja la sauti. Ukichomeka hedifoni spika zinanyamaza, ukichomeka waya wa sabufa huna pa kusikilizia, matokeo yake mtu anaunganisha nyimbo kwa kuangalia mawimbi kwenye skrini na anadhani ndo udijei. Sio. Unachohitaji ni saundi kadi ya pili (kifaa cha kutolea sauti kwenye kompyuta), na saundi kadi ya USB ni kidude cha ukubwa wa flashi, Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta zipo za bei ya chini kabisa, Nairobi nenda Luthuli Avenue. Chomeka, nenda Preferences, fungua sehemu ya Sound Hardware, pale kwenye Main chagua ile ya USB ambayo inaenda kwenye sabufa, kwenye Headphones chagua ya laptopu yenyewe. Baada ya hapo kila deki ina kitufe chenye picha ya hedifoni, ukikibonyeza wimbo wa deki hiyo unaingia sikioni hata kama feda yake (kitelezi cha sauti ya deki) iko chini. Siku ukifika hapa ndo utaelewa raha ya hii kazi.

Ambaye hata hicho kidude hajapata bado, sehemu ya hedifoni kuna kitufe cha Split, kinakupa sikio moja kile ambacho watu wangesikia na sikio la pili kile unachoandaa. Utakuwa unafanya mazoezi peke yako bila spika ila mazoezi yanakuwa ya kweli.

Spika ya bluetooth achana nayo kwa kazi hii. Sauti yake inachelewa, unabonyeza sasa inasikika baadaye, hautaweza kulinganisha biti hata siku moja. Tumia waya. Na sauti ikianza kukatakata au kukwaruza kwenye laptopu yenye nguvu ndogo, rudi hapo hapo Sound Hardware uongeze bafa (muda ambao laptopu inapewa kuandaa sauti), kama iko milisekunde 11 peleka 23, ikigoma 46. Ukiongeza sana vitufe vinaanza kuitikia kwa kuchelewa, kwa hiyo tafuta pale pa chini kabisa ambapo haikatikati.

Sasa niongelee muziki wetu, mana mafunzo mengi ya mtandaoni yanafundishwa na hausi na tekno za Ulaya ambazo zimetengenezwa na kompyuta, tempo moja mwanzo mwisho, ukibonyeza SYNC, kitufe kinacholinganisha tempo za nyimbo mbili chenyewe, kila kitu kinakaa. Bongo flava ya sasa na amapiano hazina shida, na zenyewe zimetengenezwa hivyo hivyo. Singeli ndo inaichanganya. Singeli inaenda BPM 200 na zaidi, sasa programu mara nyingi inakusomea nusu yake, wimbo wa 210 unaandikwa 105. Haijaharibika kitu, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya wimbo, nenda sehemu ya kurekebisha BPM, kuna kuzidisha mara mbili na kugawa kwa mbili. Na hapo hapo kuna siri nzuri sana ya kutumia ukumbini: amapiano nyingi ziko 112 au 113, mara mbili yake ni 224 au 226, hiyo tayari ni singeli. Yaani unaweza kutoka kwenye amapiano iliyotulia ukaingia kwenye singeli watu wakapagawa, na biti zinalingana kabisa mana kila biti moja ya huku inabeba mbili za kule. Mixxx inalielewa hili, ukibonyeza SYNC kati ya wimbo wa 112 na wa 224 hailazimishi mmoja ukimbie au uburuzwe.

Muziki wa dansi ni habari nyingine. Msondo, Sikinde, rumba za Kongo, hizi zilipigwa na binadamu wameshika ngoma na magitaa, hakuna mashine inayowahesabia, tempo inapanda taratibu kadiri wimbo unavyoendelea na ukifika kwenye chemko, kile kipande kilichochangamka, inakuwa imeruka kabisa kutoka pale ilipoanzia. Mixxx ikiachwa kama ilivyo inachukulia wimbo mzima una tempo moja, kwa hiyo mistari ya biti inayochorwa juu ya wimbo inakaa vizuri mwanzoni afu huko mbele inahama, na ukiitegemea SYNC utawasikilizisha watu ngoma mbili zinakanyagana. Unaweza kwenda Preferences kwenye Beat Detection ukaondoa tiki kwenye ile inayosema tempo haibadiliki, afu ukapima wimbo upya, inasaidia kiasi. Ila mimi nashauri nyimbo hizi uzimiksi kwa masikio. Weka hotikyu (alama ya kurukia papo hapo) mwanzo wa chemko, nyingine pale waimbaji wanapoanza, nyingine kwenye kipande cha gitaa peke yake. Gonga kitufe cha kutapu BPM, kinachopima tempo kwa kugonga kwako, ukifuata ngoma ya chemko lenyewe upate tempo ya hapo, afu ingia kwa kukata pale mstari unapoisha, usijaribu kuzilaza nyimbo mbili za dansi juu ya mwenzake dakika nzima. Madijei wa zamani waliokuwa wanapiga santuri walifanya hivyo hivyo na watu hawakutoka uwanjani.

Na kwa sababu hiyo naomba kila anayeanza azime SYNC kabisa kwa muda. Chukua nyimbo mbili unazozijua hadi pumzi za mwimbaji, sogeza pichi (kitelezi cha kasi ya wimbo) kwa mkono mpaka zikae. Inachosha mwanzoni, ila sikio likishafunguka SYNC inakuwa msaidizi wako badala ya kuwa mkongojo.

Kuhusu nyimbo zenyewe, hapa lazima niseme ukweli, Mixxx haiungani na apu za kustrimu. Lazima uwe na faili lako mwenyewe kwenye diski, na nyimbo ulizohifadhi ndani ya apu za muziki za simu haitazisoma. Kwa wengine hii ni kasoro kubwa. Mimi naona kwa mazingira yetu haina shida sana, bando linaisha, mtandao unakata katikati ya sherehe, dijei mwenye faili zake hana presha. MP3 ya 320 (kbps, kipimo cha ubora wa faili) ya dakika nne ni kama MB 10, kwa hiyo GB 10 zinabeba nyimbo elfu moja. Usijaze folda na vitu vya 128 vilivyochomolewa kwenye video, kwenye spika za simu hutaona tofauti ila kwenye spika kubwa besi inalegea na sauti ya juu inachoma masikio. Nunua pale unapoweza, wasanii wetu wengine wanauza wenyewe kwenye tovuti ya Bandcamp, na singeli nzuri ziko huko.

Sauti za nyimbo za zamani na za sasa hazilingani, Mixxx inazisawazisha yenyewe kwa ReplayGain, iache iwashwe. Angalia tu mita zisiguse nyekundu. Kuna tabia ya kupandisha kila kitu, gein juu, besi juu, volyumu juu, afu mtu anasema sabufa ni mbovu. Shusha besi ya wimbo unaotoka kabla hujapandisha ya unaoingia, besi mbili kwa wakati mmoja ni matope.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kurekodi. Kitufe kimoja tu na mazoezi yako yote yanaingia kwenye faili, unachagua WAV, FLAC au MP3. WAV ya saa moja inakula zaidi ya MB 600, MP3 ya 320 ni kama 150, kwa mazoezi chukua MP3. Inaweza pia kukuandikia faili la orodha linaloonyesha wimbo upi uliingia dakika ya ngapi. Sikiliza kesho yake ukiwa kwenye daladala, utasikia wazi pale ulipochelewa. Na mwenye ndoto ya redio ya mtandaoni, ina sehemu ya kurusha moja kwa moja kwenye seva za Icecast na Shoutcast, humo humo ndani.

Ukipata hela ya kontrola usikimbilie kubadilisha programu. Pioneer DDJ-400 na DDJ-FLX4, Hercules Inpulse 200 na 300, Numark DJ2GO2 Touch, zote hizo mapu zake (mipangilio ya vitufe vyake) zimo tayari, unachomeka unaichagua kwenye Preferences unaendelea. Hizi pia zina saundi kadi ndani kwa hiyo ile shida ya hedifoni inaisha. Kabla hujanunua ya mtumba, angalia kwanza kama iko kwenye orodha yao, na kama muuzaji hakuruhusu ujaribu tundu la hedifoni papo hapo dukani, ondoka.

Inachokosa ukilinganisha na wengine: video haichezi, kwa hiyo wale wa miksi za video za kwenye matatu na baa waende VirtualDJ, programu nyingine ya udijei. Kutenganisha sauti ya mwimbaji na biti wakati wimbo unapiga, VirtualDJ inayo, Mixxx 2.5 haina. Na VirtualDJ pia unaweza kuitumia bure nyumbani, ila ukianza kutumia kontrola au kupiga kwa malipo wanataka leseni. Kingine, Mixxx inasoma flashi iliyoandaliwa na rekordbox (programu ya Pioneer ya kuandaa nyimbo) lakini haiwezi kukuandalia flashi ya hivyo, kwa hiyo anayelenga klabu zenye CDJ (mashine za Pioneer zinazopiga nyimbo kutoka kwenye flashi) itabidi aijue rekordbox pia. Kama kazi zako ni harusi, kipaimara na sherehe za mtaani ambako unaenda na laptopu yako mwenyewe, hilo halikuhusu. Wewe zima tu apdeti za Windows kabla hujatoka nyumbani na ubebe chaja.