Tahadhari: muuza kamera na lenzi "za porini" anayezunguka Mtwara na Lindi

Ndugu wapiga picha wa Mtwara na Lindi, hasa ninyi mnaopiga picha za ndege, wadudu na misitu kwa mapenzi tu, naomba msome tangazo hili kabla hamjatuma fedha kwa mtu yeyote. Yuko muuzaji anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp na Facebook kuwa ana "kamera za porini" na "lenzi za kuvuta kilomita". Vifaa vyake havifanani na maelezo anayoyatoa, na fedha ikishamfikia hapatikani tena kwa namba ile ile. Simtaji jina kwa kuwa baadhi ya waliolizwa wamekwisha kufungua jalada polisi, na pia kwa sababu jina na namba huvibadilisha kila msimu. Kisichobadilika ni mbinu yake, nami nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa imejengwa juu ya tarakimu ambazo wengi huziamini bila kuzihoji.

Huonekana zaidi kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na malipo ya stakabadhi ghalani yanapoanza kuwafikia wakulima. Walioniletea vifaa vyake nivikague si watu wa aina moja: yumo mwalimu wa Masasi, kijana wa Newala aliyekuwa amelipwa korosho zake, na mzee mmoja wa Lindi mjini aliyetamani kupiga picha za komba wa msitu wa Rondo. Wote waliambiwa maneno yanayolingana karibu neno kwa neno.

Bidhaa anayoiuza kwa wingi ni kamera ndogo nyeusi iliyoundwa ifanane na kamera ya kitaalamu, ikiwa na maandishi makubwa ya "megapikseli 48" na "zumu mara 16". Ni kweli kwamba faili linalotoka lina vitone 8000 kwa 6000, yaani milioni 48, na hapo ndipo mnunuzi anaporidhika. Lakini fundi alipoifungua moja mbele yetu, tulikuta ndani yake kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, cha aina ya kamera za simu za bei ya chini. Kihisi hicho hakitoi vitone milioni 48. Hutoa vichache, kisha programu iliyomo ndani hubuni vilivyobaki kwa kukisia rangi ya kitone kilicho katikati ya viwili halisi. Ni sawa na kuongeza maji katika tui: sufuria hujaa, nazi ni ile ile. Ukitaka kulithibitisha jambo hilo, piga picha ya jani la mkorosho lililo karibu, kisha ikuze kwenye kompyuta mpaka ukubwa wake kamili. Katika picha ya kweli utaiona mishipa ya jani. Katika hii utaona ukungu wa kijani wenye kingo zilizolainishwa.

Hiyo "zumu mara 16" nayo si zumu. Zumu halisi hutokana na vioo vinavyosogea ndani ya lenzi, na ndiyo maana kwenye pete ya lenzi ya namna hiyo huandikwa namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Kwenye kamera za muuzaji huyu pete ina namba moja tu. Kamera hukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua, kazi ambayo simu yako huifanya bure.

Hapa ni lazima nitende haki, kwa kuwa nimesikia baadhi ya wenzetu wakisema sasa kwamba kila kamera yenye kihisi kidogo ni ya kitapeli. Si kweli. Nikon Coolpix P1000, iliyotoka mwaka 2018, ina kihisi chenye upana wa milimita 6 na ushee na urefu usiofika milimita 5, na ina megapikseli 16 tu. Lakini lenzi yake huanzia milimita 4.3 mpaka 539 za urefu wa fokasi, yaani kipimo cha uwezo wa lenzi kuvuta kitu cha mbali, kwa vioo vya kweli, na kwa kulinganisha na kamera ya kihisi kikubwa ni kama milimita 24 mpaka 3000. Anayepiga ndege walio mbali mchana wa jua kali anaweza kufurahi nayo sana. Mtengenezaji ameueleza ukubwa wa kihisi waziwazi katika maelezo ya kamera, na mnunuzi anajua anachokipata na anachokikosa. Ninachokilalamikia ni uongo, wala si udogo.

Anachokikosa ni mwanga. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kina eneo la milimita za mraba 864. Kile cha kamera nyingi za kubadilisha lenzi, cha milimita 23.5 kwa 15.6, kina takriban 367. Na kile kidogo nilichokitaja kina kama 28. Tofauti hiyo haionekani sana saa sita mchana pwani ya Msimbati, lakini huonekana mara moja alfajiri kwenye mikoko, au chini ya miti ya Rondo na Litipo ambako mwanga hauteremki vizuri hata mchana. Kamera hulazimika kuikuza ishara dhaifu, na picha hujaa chenga. Kwa komba, mnyama wa usiku, kamera aliyouziwa mzee wetu haikutoa chochote isipokuwa weusi wenye madoa ya zambarau, ingawa muuzaji alimwapia kwamba "inaona gizani".

Udanganyifu wa pili, ambao fedha zake ni nyingi zaidi, ni wa lenzi. Huitangaza kuwa ni "milimita 800, f/5.6", yenye uwezo wa kupiga furukombe aliye ng'ambo ya Ruvuma. Lenzi yenyewe ni ile ndefu nyembamba inayojulikana sana duniani ya milimita 420 mpaka 800, ambayo uwazi wake halisi ni f/8.3 upande mfupi na f/16 upande mrefu (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaopita ni mdogo). Ni lenzi halali ya bei ya chini, na hakuna ubaya kuiuza kwa jina lake. Ubaya ni kwamba sehemu yenye maandishi ya f/16 huifunika kwa stika, kisha hudai bei inayokaribia ile ya lenzi ya kweli iliyotumika.

Kwa bahati nzuri uongo huu hukamatwa kwa rula ya shule. Namba ya f ni matokeo ya kugawanya urefu wa fokasi kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Kwa hiyo milimita 800 ukizigawanya kwa 5.6 utapata takriban 143, na maana yake ni kwamba kioo cha mbele cha lenzi hiyo hakiwezi kuwa na upana ulio chini ya milimita 143. Pima kioo cha muuzaji huyu: filta yake ni ya milimita 62. Kanuni hiyo hiyo huzithibitisha lenzi za kweli. Sigma na Tamron zina lenzi za milimita 150 mpaka 600 zenye f/6.3 upande mrefu. Gawanya 600 kwa 6.3 upate 95, na filta za lenzi hizo, Sigma nikimaanisha ile nyepesi ya Contemporary, ni za milimita 95. Uzito nao hausemi uongo, kwani lenzi hizo hukaribia kilo mbili, ilhali hiyo ya stika unaweza kuishika kwa vidole viwili.

Huenda mtu akauliza kwa nini tofauti ya f/5.6 na f/16 itukeshe. Ni kwa sababu f/16 hupitisha sehemu moja ya nane tu ya mwanga unaopita kwenye f/5.6. Ndege anayeruka huhitaji kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi. Kwa f/16, hata chini ya jua kali, utalazimika kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuikuza ishara ya mwanga, mpaka karibu 1000, na asubuhi au jioni, saa ambazo ndege hutoka, utaipandisha mara nyingi zaidi ya hapo na kurudi kwenye chenga zile zile. Zaidi ya hayo, lenzi hiyo haina mawasiliano ya umeme na kamera, kwa hiyo fokasi huzungushwa kwa mkono, na dirisha la kutazamia linakuwa jeusi kiasi kwamba huoni unazungusha kuelekea wapi. Kijana wa Newala alidhani mikono yake ndiyo mibovu.

Pamoja na lenzi hiyo, mteja hupewa hesabu ya kumlainisha: "milimita 800 kwenye kamera yako zinakuwa 1200." Hesabu yenyewe ina chembe ya ukweli. Kihisi cha milimita 23.5 hukata kingo za picha, na kinachoonekana hulingana na kile ambacho lenzi ya mara 1.5 ingekionyesha kwenye kihisi kikubwa. Kwa Canon ni mara 1.6. Lakini lenzi haijarefuka hata milimita moja, na mwanga haujaongezeka. Nyakati nyingine humuuzia mteja huyo huyo kirefushi cha mara 2, kifaa kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, bila kumwambia kwamba kifaa hicho hupunguza mwanga mpaka robo yake.

Mwalimu wa Masasi aliuziwa kitu kingine kabisa: Nikon D3100 pamoja na lenzi ya milimita 70 mpaka 300 ya aina ya AF-P. Vyote viwili ni vya kweli, na kila kimoja peke yake ni kizima. Tatizo ni kwamba lenzi za AF-P hazipati fokasi kwenye D3100, wala kwenye D5100 na kamera nyingine za zamani za Nikon. Hata ukizungusha pete kwa mkono hakuna kinachotokea, kwa sababu pete hiyo huendesha mota na mota haipati amri. Alipolalamika, aliambiwa kamera "inahitaji kusetiwa" na akatozwa tena. Hakuna wa kuiseti.

Kuhusu kuvu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila anayeishi pwani yetu anaujua unyevu wake. Lenzi zake za mtumba husafishwa nje zikang'aa, lakini ukifungua tundu lote na kumulika tochi ya simu kutokea nyuma, utaona nyuzi nyembamba kama utando ndani ya vioo. Yeye huita vumbi. Kuvu ikikaa hula tabaka la kinga lililopakwa juu ya kioo, na ikisafishwa hurudi endapo lenzi itahifadhiwa kwenye unyevu. Lenzi ya namna hiyo usiifunge kwenye mfuko mmoja na nyingine zako.

Picha za mfano anazoonyesha msizitegemee. WhatsApp hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha, kwa hiyo mwombeni awatumie faili la asili kama dokumenti. Humo mtaona jina la kamera, urefu wa lenzi na tarehe, na kwa kamera nyingi za Nikon mtaona pia idadi ya mara ambazo shata, yaani pazia la mbele ya kihisi, imefunguka. Huyu huwa hatumi. Kati ya picha anazozisambaza ipo moja aliyoiandika "hondohondo wa Rondo, imepigwa na kamera hii", na ndege aliyemo ni tukani, ambaye makazi yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Sijui ni kamera ipi ingemfikia kutokea Rondo.

Malipo huyapanga hivi: nusu hutumwa kwa simu, mzigo huja kwa basi kutoka Dar es Salaam ukiwa umefungwa kwa gundi, na mteja huambiwa asiufungue mpaka amalizie nusu ya pili, eti dhamana itapotea. Jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri silo analojiita. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, haina TIN, wala si ya mashine ya EFD. Anayetaka kununua kwake au kwa mwingine adai kukutana mchana mahali penye watu, aende na memori kadi yake, apige picha ya ukuta mweupe kwa f/16 ili aone madoa ya kihisi, apige nyingine akiwa amefunika lenzi kwa sekunde 30 ili aone vitone vibovu vinavyowaka gizani, apime kioo, amulike tochi, ndipo alipe.

Aliyekwisha kudanganywa aende kituo cha polisi akachukue RB, akiwa na jumbe zote za simu, kumbukumbu ya muamala na kifaa chenyewe kikiwa na stika zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika na udanganyifu wa namna hii. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma vipelekwe pia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Naomba stika hiyo isibanduliwe, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba f/16 ilifichwa kwa makusudi. Na waliotuma kianzio ambao mzigo wao bado haujafika wasitume kiasi kilichobaki hata wakionyeshwa picha ya risiti ya basi, kwa sababu risiti hiyo hiyo, yenye tarehe ile ile, wamekwisha kutumiwa wateja wawili tofauti.