Picha ya jahazi ni nzuri, lakini aliyekuja kuitundika ameniharibia ukuta

Nimekaa na hasira hii tangu kabla ya Ramadhani, nikijiambia nitaandika ikipoa. Haijapoa. Leo asubuhi nimefagia tena unga wa chokaa chini ya ule ukuta, nikaona basi, naandika nikiwa hivi hivi.

Ni habari ya picha ya kanvasi niliyoiagiza kwa duka moja la huku pwani, ikaletwa kwetu Lamu, mtaa wa Mkomani. Duka silitaji; mwenyewe akisoma atajijua. Bei zao na aina ya wino mtaviulizia huko huko. Mimi langu ni la msumari.

Lakini nianze na picha, maana nikiiruka nitakuwa nimewadhulumu. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, kazi yake kubeba boriti za mikoko. Kaka yangu ana picha moja ya zamani ya jahazi lile: tanga limejaa upepo wa kusi, omo, yaani pua ya chombo, inakata maji, na kisiwa cha Manda kiko nyuma kwa mbali. Hakuna uso wa mtu unaoonekana. Hilo la uso lilikuwa sharti la mama, kwa sababu chumba chenyewe ndicho anachosalia. Sharti lake la pili, isiwekwe ukuta wa kibla. Niliyakubali yote mawili, na hata asingesema ningefanya hivyo hivyo.

Nikawatumia kwa simu. Siku ya pili akanipigia msichana mmoja mpole, akaniambia, "Dada, hii ukiikuza zaidi ya sentimita 120 kwa 80 itavurugika, kamba za tanga hazitaonekana." Angeweza kunyamaza akaniuzia kubwa kwa pesa nyingi zaidi. Hakunyamaza. Yule msichana sina neno naye, na kama bado yuko pale, Mungu amzidishie.

Picha ikaja kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ikavushwa kwa boti, hamali akaipitisha vichochoroni ameibeba kichwani kama trei ya biriani, anapiga kelele watu wapishe. Tulipoifungua, mama aliweka kiganja juu ya tanga, akakiacha pale. Hakusema kitu. Mimi nilitoka nikaenda kukaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Laiti ningeandika siku ile, ningewapa nyota zote na nyingine ningeazima.

Sasa kuhusu kutundika. Walitangaza kwamba wanatundika "ukuta wowote", na gharama yake nililipa mapema kwa M-Pesa. Kwenye simu niliwauliza mara mbili: fundi wenu anaujua ukuta wa chokaa? Nikaambiwa nisiwe na wasiwasi.

Wasiwasi wangu ulikuwa na sababu. Nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta zina unene wa karibu nusu mita, na juu yake ni lipu ya chokaa. Chumba cha ndani, ukuta mrefu mzima una zidaka, vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na kandokando yake nakshi ya chokaa iliyochongwa kwa mkono. Bibi yangu mzaa mama ndimo alimopanga sahani zake, na sahani nne bado zimo. Chokaa ya namna hii ni laini nje, ndani unakutana na jiwe gumu lenye matundu. Haitaki kutikiswa. Kila mtoto wa mji huu analijua hilo, kama anavyojua kutopiga mpira karibu na mlango wa nakshi.

Akaja kijana, ana drili na begi. Alipiga hodi, hilo namkubalia. Lakini aliingia na viatu! Akapita na viatu vyake vya barabarani juu ya mkeka, akaukanyaga na mswala wa mama uliokuwa umekunjwa nusu. Mama akautoa taratibu, akaukunja, akaweka juu ya kitanda. Hakumkemea. Akamwambia tu, "Mwanangu, ukuta huu haupigwi nyundo. Vile vigingi vya mbao unavyoviona kule juu ndivyo vya kutundikia."

Kijana, bila kugeuza shingo, akajibu: "Mama, ukuta ni ukuta."

Maneno hayo matatu ndiyo yanayonikosesha usingizi. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, amezaliwa ndani ya chumba kile, anaambiwa hivyo na mtu ambaye hajamaliza robo saa tangu ashuke botini.

Akachagua mahali kando ya zidaka, pale palipo wazi. Nilimwambia asogee mbali na nakshi. Akasogea kidogo, labda shubiri moja. Drili ikaingia kwenye chokaa kama kisu kwenye halua, kisha ikagonga jiwe, ikateleza. Akaiweka ile hali ya kugonga kama nyundo. Ukuta ukalia. Sahani za bibi zikaanza kutetemeka ndani ya zidaka, nami nikakimbia kuzishika, mbili mkono huu na mbili huu, napiga kelele azime. Alipozima, tundu lilikuwa kubwa kama finjani ya kahawa, na ile fisha ya plastiki aliyotaka kuitia ilikuwa inazunguka humo bila kushika chochote. Akaona dawa ni msumari mrefu wa konkriti. Akaupiga mara tatu. Mara ya tatu kipande cha nakshi kikaanguka, mkono mmoja wa ua lililochongwa na fundi ambaye hata jina lake hatulijui tena.

Mama alikiokota akakifunga kwenye ncha ya leso. Na yule kijana, badala ya kuomba radhi, akasema: "Ukuta wenu umeoza."

Umeoza! Ukuta uliosimama kabla ya babu yake kuzaliwa. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya kuta kama hizo. Wageni wanavuka bahari kuja kuziangalia, wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Nilidhani yameishia hapo. Nikaenda jikoni kumtafutia mama maji, nikarudi, nikamkuta kijana ameshatoa mfuko mdogo wa simiti kwenye begi, amechanganya kwenye kifuniko cha kopo, anaziba tundu. Simiti! Juu ya chokaa! Naomba mnaosoma, hata kama hamtakumbuka lolote lingine, hili mlishike, maana naliona linafanywa kila mtaa. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu na chumvi, na chokaa inauachia unyevu ule utoke polepole. Simiti inaziba. Maji yakikosa njia yanazunguka pembeni mwa kiraka, yanatokea hapo na chumvi yake, na chumvi ikikauka inachanua kama unga na kuisukuma lipu ianguke. Kiraka kinabaki kizima, kigumu, na chokaa ya watu inakufa kukizunguka. Ndiyo huo unga ninaoufagia. Tangu masika umekuwa ni kila asubuhi, na lile duara sasa limefika kwenye fremu ya kidaka cha kwanza.

Nilimpigia mwenye duka. Nilizungumza naye kwa adabu, mama alikuwa amekaa karibu. Sikudai pesa za picha. Nilimwomba anisaidie gharama ya fundi wa chokaa aje abandue simiti na kurudishia nakshi, basi. Akanijibu, "Bibi, sisi tunauza picha, hatuuzi kuta." Kisha akanipa punguzo la picha nyingine. Punguzo, ili yule kijana arudi na drili yake!

Kwa siku kadhaa picha ilikaa sakafuni, imegeuzwa kifudifudi, maana sikutaka kuiona. Aliyeitundika mwishowe ni jirani yetu seremala, naye hakutumia msumari hata mmoja. Naeleza alivyofanya kwa sababu hayo ndiyo niliyotarajia kuyapata kwa pesa zangu.

Kwanza alikataa ule ukuta mrefu. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari linabebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki mbali. Upana wa chumba chetu ni mita mbili na nusu tu. Picha ya sentimita 120 ukiiweka ukuta mrefu unakuwa nayo usoni, unaona madoadoa ya wino, jahazi hulioni. Akaihamishia ukuta mfupi wa mwisho, ambao si wa kibla, ukikaa unaitazama kwa urefu wa chumba kizima. Mara jahazi likawa linakuja kwako.

Akafunga mishipi miwili ya kuvulia samaki wakubwa kwenye vile vigingi vya juu alivyosema mama, akaishusha. Mshipi hauonekani. Kuhusu kimo, wengi husema katikati ya picha iwe kama sentimita 145 au 150 kutoka sakafuni, macho ya mtu aliyesimama. Sisi hatusimami chumbani, tunakaa chini kwenye mkeka na magodoro. Akamkalisha mama mahali pake, akashusha hadi mama akasema hapo. Nilipopima ilikuwa 115.

Nyuma ya pembe za chini akagundisha vipande vya malapa yaliyochakaa, ili kanvasi isilale juu ya ukuta na hewa ipite. Kitambaa kikigusa ukuta wenye unyevu kinaota kuvu kwa nyuma, na pini za kukishikilia zinapata kutu haraka kwa hewa hii ya chumvi. Mle ndani mwanga ni mchache, unaingia kutoka kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, peke yake, na kanvasi kwa vile haina kioo haikurudishii mwanga machoni kama kasida ya bibi iliyo kwenye fremu ya kioo. Tanga linaonekana asubuhi hata taa haijawashwa.

Masika ilipoingia kitambaa kikalegea, kikafanya mawimbi pembeni. Nikashika simu tayari kumtukana mwenye duka. Seremala akaniuliza kama kulikuwa na bahasha ndani ya kifurushi. Ilikuwepo, nilikuwa sijaifungua: kabari nane ndogo za mbao. Kila pembe ya fremu ina nafasi ya kuzitia mbili. Akazigongagonga taratibu kwa kipini cha bisibisi, kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo waliotengeneza fremu ile wanaijua kazi yao. Lazima niseme hivyo, kwa sababu kwa jirani wa pili yupo aliyeuziwa kanvasi iliyobandikwa juu ya ubao mkavu tu, imepinda kama ganda la chungwa na haina dawa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota moja. Nikiitazama picha sasa hivi, naona nyota moja ni uongo. Jirani zetu wa Shela wanatundika michoro iliyochorwa juu ya vitambaa vya matanga makuukuu, inaning'inia kwenye ufito kama busati, haina fremu wala shida, na ni mizuri kweli. Lakini haina jahazi la baba. Hili ninalo kwa sababu ya duka lile, na rangi yake haijapauka hata kidogo. Basi nyota nne. Agizeni picha kwao, fundi wao msimruhusu kuvuka kizingiti.

Hapana. Nimesimama hapa nimemwona mama akipita, ametupa jicho kwenye kidaka cha kwanza kama anavyofanya kila akipita, na kile kipande cha ua bado kimo ndani ya leso kwenye kasha lake. Siwezi kuandika nne. Mtu anayeuza kitu cha kuwekwa ukutani halafu akasema kuta hazimhusu, hajui anauza nini. Mbili. Na hizo mbili ni za yule msichana wa kwenye simu na za yule aliyetia kabari kwenye bahasha.

Fundi wa chokaa ameshakuja kuangalia. Amegonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Anasema simiti itabanduliwa kwa patasi ndogo, kidogo kidogo, nakshi itarudishiwa kwa chokaa iliyolowekwa muda mrefu, na hataki kuharakishwa. Atakuja baada ya Maulidi. Alipofika mlangoni kwa ndani, alikuwa ameshavua viatu.